Betri Zilizojaa Pomoni

Mimi ni fundi wa karakana, na wenye digrii nyingi sikuwapenda. Wengi wao huogopa grisi. Dokta Munira, binti wa Kondoa, ndiye aliyenifunga mdomo. Alirudi kutoka masomoni mwaka 1996 na shahada ya uzamivu ya umeme wa vyombo vya usafiri, akakataa kampuni yenye mshahara mnono, akaja kufundisha chuoni kwetu Dodoma. Asubuhi ya kwanza aliniamkia, "Shikamoo, Mzee Castory," kisha akaingia chini ya kiberenge kibovu cha reli, bisibisi mkononi.

Kwa miaka miwili tulihangaika nacho. Tuling'oa injini ya dizeli tukaweka mota na betri, na katikati yake akafunga sanduku alilolibuni mwenyewe, la kuipimia mota umeme. Uzuri wake ni kwamba kiberenge kikiteremka, mota iliurudisha umeme kwenye betri. Nikimsikia akiwaeleza wanafunzi, niliona fahari utadhani nimelibuni mimi.

Ikaja siku ya jopo la kukikagua. Wageni watatu wangepanda kiberenge kwenye mteremko wa kuingia Gulwe. Wakiridhika, Munira apandishwe cheo na kupewa maabara. Wasiporidhika, kiberenge kiuzwe kama chuma chakavu. Enzi hizo mali za umma zilikuwa zinauzwa kama njugu.

"Mzee Castory, ukichaji, betri ziishie robo tatu," aliniagiza.

Niliona aibu. Wageni wa heshima, halafu uwawekee robo tatu? Nikazijaza pomoni bila kumwambia.

Hatukuteremka hata nusu kilomita. Umeme ulirudi, betri hazikuwa na nafasi, sanduku likalia paa! Moshi ukatanda. Nilikaza breki ya mkono mpaka tukasimama.

"Nani alichaji?" akauliza mwenyekiti wa jopo, Profesa Ambokile.

Nilifungua mdomo, Munira akaniwahi. "Betri kujaa si kosa, Profesa. Mtambo unaokufa kwa sababu betri imejaa, mwenye kosa ni aliyeuchora. Nilijua udhaifu huo nikaufumbia macho. Andikeni hivyo."

Wakaandika. Cheo kikaota mbawa, kiberenge kikapewa mwaka mmoja tu wa marekebisho. Nilipokwenda kumwomba radhi, alisema, "Afadhali umenionyesha wewe, kabla hajaumia mtu." Nililia, wala sioni haya kusema.

Mwaka uliofuata jopo lilirudi. Munira alikuwa ameongeza koili ya jiko la umeme, iliyotumbukizwa kwenye birika la maji, ili ule umeme usio na pa kwenda uishie humo. Aliniita mbele ya wote.

"Mzee Castory, leo jaza pomoni."

Tuliteremka mteremko mzima hadi stesheni ya Gulwe, na sanduku halikutoa hata harufu. Birika lilikuwa linachemka. Nikatia majani, nikammiminia Profesa Ambokile chai. Akapuliza kikombe, akanywa, akatabasamu.

"Na leo nani alichaji?"

"Mimi," nikasema.