Vidonge vya Wiki Moja

Mara ya nne Lomunokol alipojichoma kidole na kuitazama damu yake kwa hadubini, hakuona kimelea hata kimoja. Alipangusa lenzi, akatazama tena. Mwaka huo wa 2012 malaria ilikuwa imejaa Kakuma, na yeye, fundi wa maabara ya kliniki, ndiye aliyewaambia watu kama wanayo au hawana. Mwili ulimlemea, chakula hakikupita, alfajiri ilimkuta macho. Kama si malaria, ilikuwa nini?

Akai, daktari wa zamu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Ejok, mzee wa maabara," alimsalimu kwa Kiturkana. "Ukimaliza vidole utajichoma wapi?"

Zamani angemrudishia utani mkali zaidi. Siku hiyo alitabasamu kwa adabu tu, na Akai akafunga mlango, akaketi.

Alimuuliza maswali yale yale aliyowauliza wakimbizi waliotoka kuvuka mpaka. Huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili? Ndiyo. Kuna kitu alichokipenda ambacho sasa hakimvuti? Lomunokol alifikiri, akasema kwaya. Aliimba besi kanisani, na tangu Pasaka alikuwa akimwambia mkewe, Akeno, kwamba Jumapili ana zamu. Hakuwa na zamu. Alikaa nyuma ya kliniki mpaka ibada iishe. Kazini alisahau alichohesabu, akaanza slaidi upya. Je, anajiona hafai? Alikubali kana kwamba anasoma majibu ya mtu mwingine.

"Umefikiria kujiua?" Akai aliuliza, kwa sauti ile ile.

Lomunokol alitazama sakafu.

"Kila siku."

Akai hakushtuka. Alimweleza kwamba ugonjwa huo ni sonona, kwamba hauonekani kwenye slaidi, kwamba unatibika, na kwamba kwa kiwango ulichofikia kwake ulihitaji dawa na mazungumzo pamoja. Lomunokol akainuka kwenda kabatini, maana alijua dawa ya sonona ipo. Akai akamzuia. Hiyo ilikuwa ya hatari mtu akizidisha. Iliyomfaa ingeletwa Ijumaa kutoka hospitali ya Lodwar. Mpaka hapo asiachwe peke yake, na hata ikifika, Akeno ndiye angeitunza, vidonge vya wiki moja tu kwa kila mara.

"Kwani mimi ni mtoto?"

"Wewe ni mgonjwa wangu. Nataka uione Krismasi."

Alifika nyumbani na hasira, Akai akiwa amemsindikiza. Akeno aliposikia yote kutoka kwa daktari, hakuuliza kuhusu zamu za uongo. Alisogeza kigoda chake karibu, akaketi naye.

Akai alikuwa ameonya kwamba dawa haitaleta nafuu kwa siku mbili tatu, na haikuleta. Mazungumzo ya kila Jumanne yalimchosha mwanzoni. Kisha usingizi ukarudi, ukafuatwa na njaa. Krismasi aliketi na kwaya, akaimba nusu ya nyimbo.

Januari, Akai alisema sasa angeweza kumpa yeye mwenyewe vidonge vya mwezi mzima. Lomunokol alijichunguza bila kujipendelea. Mawazo yale yalikuwa yamepungua sana, hayajaisha.

"Bado mpe Akeno, vya wiki moja," alisema. "Na asante, daktari. Pale ulipouliza, nilikuwa nimeshachagua siku."

Akai akahesabu vidonge vya wiki moja, akamwita Akeno aingie.