Chai ya Karavia

Bibi Kunda, Kambo kwa watu wa mtaa wake, aliweka sufuria juu ya mbabula, akangoja makaa yashike, akafinya simu yake na kuanza kuongea na watu sitini na tatu ambao hajapata kumwona hata mmoja.

"Bonjour banduku. Miye Kunda wa Katuba. Kwa mambo ya simu, Lubumbashi yote hakuna muntu wa kunipita, munasikia? Hakuna. Sasa muntu wa roho muzuri aniambie: hii sauti banaikatiaka wapi? Juu iko inaendelea tu."

Iliendelea dakika kumi na moja. Watu sitini na tatu walisikia maji yakichemka, bukari, ugali wa kwake, ikisongwa, na kuku mmoja akiitwa mwizi.

Kundi lenyewe, la kutumiana ujumbe kwenye simu, liliitwa Mawazo ya Bure. Nani alilifungua, hakuna aliyekumbuka. Kila mtu alimwaga humo kilichokuwa kichwani mwake, kama mtu anavyomwaga maji ya kuoshea sahani. Chancelvie wa Kipushi aliuliza: mtu wa kwanza kula sombe, majani ya muhogo, bila kuipika vizuri alikufa, sasa yule wa pili alipata wapi moyo wa kujaribu tena? Michée, dereva wa lori, alitaka kujua kwa nini mbuzi anavuka mpaka wa Zambia bila karatasi na hakuna anayemwita pembeni. Na kila asubuhi saa moja, Muzee Ruben wa Karavia aliandika habari za bustani yake. "Leo nimetembea mu jardin yangu. Najiuliza: ua linajuaka liko la nani?"

Kunda alipenda maswali ya Ruben. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sabini na moja, lakini katika kundi alikuwa na hamsini na miwili, na picha aliyoweka ni ya siku ya ndoa ya mdogo wake.

Mvua zilipoanza, maneno yaliyofutwa nayo yakaanza kushuka. Mtu akiandika jambo kisha akalifuta, katika simu ilibaki ile sentensi ya kusema kwamba ujumbe umefutwa, na ujumbe wenyewe ulianguka juu ya nyumba ya Kunda. Vilikuwa vikaratasi vya rangi ya mfuko wa simenti, kila kimoja kwa mwandiko wa mwenyewe, na vilipogonga mabati vililia kama mahindi makavu. Kwa nini kwake? Majirani walisema ni kwa sababu mabati yake yalikuwa mapya. Padri alisema hakuna dhambi, ila visizibe mfereji wa maji.

Jirani yake Sephora, muuza karanga, ndiye aliyefurahi. Daftari za shule za mwaka uliopita alizofungia karanga zilikuwa zimekwisha, na hadi Julai, shule zifungwe, ni mbali. Kila asubuhi alipanda juu ya mabati na ufagio, akashuka na beseni limejaa, akakunja vikaratasi hivyo na kufungia karanga. Watu wakala, wakasoma, wakatupa. *Nilisema nimesamehe. Sijasamehe.* *Bukari ya muke wangu inanishindaka, lakini nitafanya nini.* *Leo nililia ku choo.*

"Yangu hautaona," Kunda alimwambia Sephora. "Miye sifutaka. Kile nasema, nimesema." Halafu akacheka peke yake. "Na pa kufutia sipajue."

Sephora alimwonyesha pa kufutia. Ilikuwa kosa, lakini hilo ni la baadaye.

Karatasi ya kwanza ya Ruben ilianguka Jumatano, dakika mbili baada ya habari za bustani. Iliandikwa: *Kadena iko inje.* Kufuli ya wapi, Kunda hakuelewa. Ya Alhamisi: *Tangu Pasaka.* Ya Ijumaa ilikuwa ndefu, Kunda akavaa miwani. *Patron ameenda Ulaya na funguo mu mufuko. Dereva anapitishaka unga ku tundu ya mulango kila lundi. Nyumba iko na bilango tisa, byote bamefunga. Nalalaka mu nyumba ya mbwa. Mbwa alikufa.* Kumbe mwenye bustani alikuwa mtumishi tu, na bosi wake alikuwa amemfungia, akimwachia unga wa Jumatatu hadi Jumatatu.

Tangu siku ile Kunda hakukalika. Aliketi, akasimama. Alifagia kiwanja kilichokuwa kimefagiliwa. Aliweka sufuria juu ya moto bila maji, akaitoa, akaenda mlangoni kutazama barabara ambayo hakuna aliyekuwa akiitarajia imletee kitu. Sombe ilimshinda kutwanga. Kila pigo la tatu aliuacha mchi na kuchukua simu kuona kama Ruben ameandika. Ruben alikuwa ameandika. Alijiuliza kama samaki wa ziwa la Karavia wanajua kwamba ng'ambo kuna hoteli.

Baada ya wiki mbili mtaa wote ulijua habari za Ruben kwa njia ya karanga. Walimu walijua. Mafundi walijua. Polisi wawili walinunua karanga, wakasoma *Kadena iko inje*, wakageuza karatasi kuona nyuma kuna nini, wakasema karanga zimeungua.

Kunda alimwendea Précieux, fundi wa kuchomelea milango ya chuma.

"Mwanangu, kuya na msumeno wako, tuende Karavia."

"Kambo! Kadena ya muntu? Banifunge miye na ule muzee, tukae babili?" Précieux aliinua miwani yake myeusi. "Miye nafungaka tu. Kufungua njo kazi ya mwenye nyumba."

Basi akatangaza katika kundi kwamba anakwenda kumtembelea Ruben, akaenda peke yake. Huendi kwa mtu mikono mitupu: alifunga bukari ya moto na sombe katika sahani ya bati, akaifunika na kikwembe, kitenge chake cha begani, akapanda gari mbili, na mwendo wa mwisho akaumaliza kwa miguu kwenye barabara ya miti na kuta ndefu. Nyumba ya Ruben aliitambua kwa kadena. Ilikuwa nene kama mkate, na ilikuwa upande wake, upande wa barabara. Katika mlango wa chuma palikuwa na tundu la kutazamia, mkono unapita, sahani haipiti.

"Hodi. Miye Kunda."

Jicho moja likaja kwenye tundu, jicho la mzee, lililonawa kwa ajili ya mgeni.

"Karibu, madame Kunda. Unisamehe kabisa. Leo nilimupa sentinelle, mulinzi wangu, congé ya siku moja, na ameenda na funguo."

Kunda aliishika kadena, akaipima uzito mkononi.

"Ameenda nayo mbali?"

"Mbali kidogo."

"Ulaya?"

Jicho likaondoka. Likarudi.

"Na weye? Uliandika uko na myaka makumi tano na mbili."

"Njia ilikuwa murefu," alisema Kunda.

Wakacheka, kila mtu upande wake wa chuma. Kisha Kunda akaketi chini, akafungua kikwembe, akafinya tonge la bukari, akalichovya katika sombe na kulipitisha tunduni. Lilipokelewa. Akapitisha la pili. Walimaliza sahani nzima hivyo, tonge kwa tonge, na magari mawili yakapita, na wenye magari wakasalimia.

"Kesho nakuya na fundi," Kunda alisema. "Kama Précieux anaogopa, natafuta mwingine."

"Bakikata kadena, batasema niliiba. Batahesabu hata bijiko." Ruben alikuwa akilamba vidole, ilisikika. "Mama, naomba kintu moja. Usiniharibishe mu groupe. Mule njo fasi moja tu miye niko muntu mwenye nyumba."

"Na ukifia humu?"

"Basi batasema: mwenye nyumba amekufa."

Kunda alipangusa vidole kwenye kikwembe. Kisha akafunga sahani tupu katika kikwembe, akaigonga kadena kwa ngumi mara moja, ikamwumiza, akaondoka.

Akiwa katika gari la pili simu ikalia. Chancelvie alikuwa ameandika mbele ya watu wote: "Kambo Kunda, ulifika kwa Muzee Ruben? Nyumba iko namna gani? Tuambie, tuko tunangoja!"

Kunda aliandika kwa kidole kimoja: *Ruben bamemufungia. Kadena iko inje, nimeishika na mukono yangu. Nilimupa bukari ku tundu sawa mufungwa.* Akatuma. Akayaona maneno yamekaa pale, yana haki yote, na chini yake jina la Ruben limewaka: Ruben anasoma, au anakaribia kusoma. Kidole chake kikaenda pale Sephora alipomwonyesha.

Kisha akaandika mengine: "Nyumba iko mukubwa kabisa. Tulikunywa chai ku salon. Sukari bijiko bitatu."

Jibu la Ruben lilikuja kabla gari halijafika Katuba. "Karibu tena, madame. Mara ingine tutakaa ku jardin."

Watu kumi na tisa wakaweka mioyo myekundu. Michée akauliza kwa nini chai ya nyumba ya mwingine inakuwaka tamu.

Saa kumi Kunda aliingia katika mtaa wake, kikwembe begani, sahani kwapani. Mabati yake yaling'aa, yalikuwa yamekwisha kufagiliwa tena. Sephora alikuwa kwenye kibao chake, anakunja, anajaza, anakunja. Kunda akataka karanga, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Chakula chote kilikuwa kimepita tunduni.

Sephora alimchagulia kifungo kimoja cha karanga, si kile cha mbele, akakiweka katika kiganja chake. Karatasi ilikuwa mpya bado, na mwandiko wake Kunda aliujua: ndio ule ule masista walikuwa wakimchapia fimbo shuleni.

"Kambo," alisema Sephora bila kuinua macho, "ile chai mulikunywa ku salon, na yenyewe ilipita ku tundu?"

Kunda alitafuna. Alitafuna tena, polepole.

"Karanga zako," alisema, "zimeungua."