Maji ya Tumbe Bungeni

Asubuhi ya swali lake la kwanza, Khairat Silima alikunywa chai ya tangawizi kwenye kantini ya Bunge, akala kitumbua kimoja, akafuta miwani kwa ncha ya mtandio, akaingia ukumbini kabla ya kengele. Kabla ya kuitwa Mheshimiwa alikuwa mnadi wa samaki katika diko la Tumbe, mashua zinaposhusha samaki, mwanamke pekee aliyepanda juu ya kreti akawanadia wachuuzi wa baiskeli na wa pikapu. Sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Watu wa jimbo walimchagua kwa sauti hiyo. Walitaka wapelekewe swali moja.

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Mwaka uliotangulia uchaguzi, alfajiri moja, meli kubwa ya uvuvi ya kigeni iliipitia juu mashua iliyokuwa imetega jarife, wavu wa samaki wakubwa, kaskazini ya Pemba. Meli haikusimama. Bahari ilirudisha mbao mbili na kofia. Katika mashua ile walikuwemo Jaribu, mdogo wake Khairat, na wenzake Zubeir na Mzee Mgeni. Walisaliwa sala ya ghaibu, wakasomewa hitima, na tangu siku hiyo hakuna ofisi iliyotaka kusema meli ile ni ya nani.

"Mheshimiwa Spika," alisema Khairat, "meli ile ni ipi, na mwenyewe ni nani?"

Alipoketi, maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu. Yalikuwa maji ya bahari, ya uvuguvugu, yenye mwani, yakiingia taratibu kwa chini ya milango. Mji wa Bunge ni wa vumbi na zabibu, uko mbali na bahari kwa safari ya kutwa nzima ya basi, lakini wabunge wa pwani waliitambua harufu ile wakavua viatu. Waziri aliinua suruali yake kidogo, akajibu kwamba Serikali inaendelea kufuatilia.

Mbunge mmoja wa jimbo kame la bara akasimama. "Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo wako. Kama maji haya hayana mwenyewe, yanaweza kuletwa kwangu?"

Spika alimruhusu ayaonje. Akayaonja, akatema kwenye leso, akakaa.

Bunge lile lilifanya kazi nyingi katika muhula wake. Lilipitisha sheria za barabara, za mbegu, za vyuo na za mitandao ya simu. Liliwaangusha mawaziri wawili na kumsamehe wa tatu. Lakini kila aliyekuwemo analikumbuka kwa pindo la nguo lililolowa. Mapema kabisa Spika alitoa uamuzi kwamba maji si mbunge wala si mgeni, kwa hiyo Kanuni haziyahusu, yakija yaje. Kwa kuwa yalijaa na kupwa kwa kufuata saa za Tumbe, wahudumu walizibandika saa hizo mlangoni, karibu na ratiba ya kamati. Siku za bamvua, maji yakijaa kupita kiasi, askari wa siwa aliingia ameliinua siwa juu ya kichwa. Bajeti moja ilisomwa maji yakiwa magotini, na pweza alikaa mkutano mzima chini ya dawati la mbunge wa viti maalumu, ambaye alijizoeza kuweka miguu upande.

Kila mkutano Khairat aliuliza swali lake. Wizara ilibadilisha mawaziri. Aliyekuja alikuwa na miwani mipya na jibu lile lile, na kila jibu lilipotolewa maji yalipanda kidogo na hayakushuka yote.

Huko Tumbe, siku za swali mnada ulisimama. Televisheni ilitolewa nje, ikawekwa barazani pembeni ya diko, na Bi Mwatum, mama yake Khairat, akapewa kiti cha mbele. Khairat aliposimama, wanawake walipiga vigelegele. Waziri alipomaliza, wachuuzi waliulizana.

"Kajibu?"

"Hakujibu."

"Lakini kaulizwa."

Na hilo la kuulizwa walirudi nalo kwenye samaki wao vichwa juu. Hakuna aliyekumbuka siku nyingine ambayo mkubwa wa namna ile alisimamishwa mbele ya nchi nzima kwa ajili ya mashua ya Tumbe.

Mwaka wa nne mnadhimu, aliyekuwa mtu mpole, alimwita Khairat kando ya kantini.

"Bi Khairat, swali lako linatulowesha. Liache kidogo, tukupe uenyekiti wa kamati."

"Lijibuni, mtakauka."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini siku ile alikaa juu ya kitanda chake mpaka adhana ya adhuhuri, kwa sababu uenyekiti ule aliutaka. Kisha akatia udhu, akasali, akarudi ukumbini.

Katika mkutano wa mwisho maji yalifika kwenye viti. Baada ya maswali, Spika alivaa miwani yake kutambulisha wageni. Aliwataja wanafunzi wa chuo cha ualimu, akaitaja kwaya, kisha akasema, "Tunao pia wageni watatu wa Mheshimiwa Khairat Silima, kutoka Tumbe, Pemba. Ni wavuvi. Karibuni sana."

Jukwaani wakasimama Mzee Mgeni, Zubeir na Jaribu. Mzee Mgeni aliweka mkono kifuani. Zubeir alipunga. Jaribu alikuwa na fulana aliyoondoka nayo, na umri alioondoka nao, na maji yakimchirizika viwikoni yakiwadondokea wanakwaya, ambao walisogea kwa adabu. Wabunge wote, wa pande zote, wakagonga meza. Khairat hakugonga. Alilishika dawati lake kwa mikono miwili, akawatazama mpaka walipoketi.

Mchana aliwapeleka kantini. Walipewa wali kwa kuku.

"Dada, umenenepa," alisema Jaribu.

"Ndo Bunge hilo. Kula."

"Ile meli, sie twaijua. Ilipotupita juu twalisoma jina ubavuni, herufi nyeupe."

"Basi mbona hukusema pale?"

"Tumeambiwa mgeni wa jukwaani hasemi."

Akamwambia jina. Jioni, wakati wa kuchangia hoja, Khairat alisimama akalitaja, herufi kwa herufi, kwa sauti ya dikoni, na hakukuwa na mtu katika ukumbi ule ambaye hakusikia. Maji yalitulia kama ya kwenye mtungi. Wabunge wakamgeukia Waziri.

Waziri alimshukuru Mheshimiwa kwa ufuatiliaji wake mzuri. Alisema Serikali imelipokea jina hilo. Alisema pia kwamba kwa mujibu wa taratibu, shahidi sharti awe hai, na kwamba Serikali itaendelea kufuatilia.

Wale watatu jukwaani walisikiliza mpaka mwisho. Bunge lilipoahirishwa walishuka ngazi pamoja na wanakwaya, wakatoka.

Bunge likavunjwa. Wakapiga picha ya pamoja, mazulia yakaanikwa juani, na Khairat akarudi nyumbani. Watu wa Tumbe walimpokea kwa dufu kutoka njia kuu mpaka dikoni. Mchuuzi mmoja alimuuliza habari ya meli, na kabla hajafungua mdomo, nahodha aliyekuwa karibu akajibu, "Ipo. Juzi imepita tena, imekata jarife la watu wa Wambaa." Khairat akasema atagombea tena. Wakapiga takbiri.

Bi Mwatum alimngoja ndani. Alimshika mwanawe mashavu, akamtazama sana.

"Nimemwona Jaribu. Mbona kakonda?"

"Alikula, mama. Wali kwa kuku, sahani mbili."

"Alhamdulillahi."

Wiki ile alikuja bibi mmoja wa Mgogoni, mgeni wa jirani, kumpa mama hongera. Katika mazungumzo akamuuliza Mungu kamjaalia watoto wangapi. Bi Mwatum alijiweka vizuri kwenye mkeka, akanyoosha kanga yake.

"Wawili," alisema. "Na wote wamefika Bungeni."