Beseni la Wanga

Bibi dobi alipiga pasi mashati ya watu tangu usichana wake, na uzeeni alijitwisha kazi ya pili: kumlinda mjukuu wake mwenye kifafa.

Hospitali walimpangia mtoto chakula kigeni cha kuzuia kifafa. Mayai, siagi, parachichi, mafuta kila mlo. Sukari marufuku, vyakula vya unga marufuku. Bibi alicheka mpaka mbavu zikamuuma, kisha akafyata mkia, maana mtoto alikaa miezi bila kuanguka.

Sasa kifafa kimerudi. Wiki hii ameanguka mara mbili.

"Mama, niambie ukweli," alisema binti yake, mkoba wa kazini begani. "Unamlisha nini?"

"Nile yamini? Sukari nimeifungia sandukuni. Mimi mwenyewe nanywa chai chungu kama shubiri!"

"Akianguka tena nampeleka kwa baba yake. Sikutanii."

Akatoka. Bibi akainama kumchungulia mjukuu, aliyekuwa akicheza chini ya meza ya pasi.

"Umesikia, mke mwenzangu? Wanataka kututenganisha. Nani anakupa vitamu?"

"Hakuna, Bibi."

"Babu yako kaoa muongo!"

Mtoto akacheka. Bibi naye akacheka, ila roho juu juu. Akavuta beseni la wanga, ule uji mzito wa unga wa muhogo anaotia kwenye kola zisimame. Huupoza pale sakafuni kila asubuhi. Akachovya kola, mkono ukasita. Utando wa juu ulikuwa na mifereji ya vidole vidogo, na ukingo umelambwa ukang'aa.

Jana pia aliiona mifereji ile. Akamlaani paka.

Unga! Sukari kaitia kufuli, na beseni kaliacha wazi. Maisha yake yote hakuliona kuwa chakula. Lilikuwa la mashati.

"Mjukuu wangu, unalamba wanga?"

Bibi akaiweka kola chini.

"Sikupigi. Wala mama yako hatajua. Njoo."

Blanketi la kupigia pasi lilining'inia hadi sakafuni. Likavutwa kidogo. Likaachwa. Likavutwa tena, kwa kishindo, tena na tena, na juu yake pasi ya mkaa ikaanza kusogea ukingoni.

Bibi akaidaka kwa kiganja kitupu, akaitupa mbali. Nje, viatu vya binti yake vilikuwa vinarudi, kasahau funguo.

"Mwanangu!" Bibi akapiga kelele, kashapiga magoti kando ya mtoto aliyekuwa akijirusha kwa kifafa, blanketi limekazwa vidoleni. "Kimbia! Njoo uone nilichomlisha!"