Mkuyu Mdogo Kwa Kinyozi

Mtaani kila mtu alijua: ukitaka kichwa chako kimalizike mapema, usikalie kile kiti kinachotazama ng'ambo ya barabara. Ng'ambo, kwenye baraza ya mkunga mstaafu, ndiko zilikopangwa bonsai, miti mizee kwa sura na mifupi kama kuku, kila mmoja ndani ya bakuli lake. Kinyozi akitupa jicho huko, kazi imelala. Watu walishatoka dukani wamenyolewa upande mmoja, kisa jamaa kaona tawi limechipua.

"Mwenzenu ana wake wengine ng'ambo," mkewe, aliyesuka nywele chumba cha nyuma, aliwaambia wateja. "Tena wengi, na wote wafupi!"

Kinyozi hakuwa na mti hata mmoja. Aliwahi kupanda vijiti kwenye makopo ya rangi, vikamfia vyote. Basi akabaki kuvuka barabara kila jioni, kuamkia, na kusimama mikono nyuma kama mtu aliyeonywa asivunje kitu.

"Shikamoo, mama," alisema jioni moja.

"Marahaba, mwanangu. Heri umekuja. Binti yangu kajifungua, naenda kumlea. Hii mingine mpwa wangu ataimwagilia, ila huu mkuyu siwezi kumwachia mtu asiyeupenda. Kaa nao. Nikirudi nikaukuta mzima, utachagua mmoja hapa barazani, uwe wako."

"Wowote?"

"Wowote. Mti ukifa, usinivukie tena barabara."

Mkuyu ukawekwa dukani kando ya kioo. Ulikuwa mkuyu kweli, kama ile ya njiani, shina nene, mizizi imeng'ang'ania jiwe, ila huu unaubeba kwapani. Watu wakaja kuutazama hata wasio na nywele.

Balaa lilianzia kwa fundi pikipiki, aliyekuwa kitini na povu kidevuni.

"Mzee, huo mti wako kulia umezidi."

Kinyozi akatazama. Kweli. Jani moja tu. Makasi si yalikuwa mkononi? Kachu.

"Sasa kushoto ndiko kumezidi," akasema mteja aliyekuwa akisubiri.

"Na juu kaka, kama umevaa kofia."

Kinyozi alikuwa na sheria moja maishani: kichwa hakiondoki kitini hakijalingana. Kulia, kushoto, nyuma, juu, tena kulia. Alipochukua brashi kupangusa, kwa mazoea ya kazi, hapakuwa na cha kupangusa. Mkuyu ulikuwa upara mtupu.

Mkewe akachungulia kutoka nyuma, kitana mkononi.

"Baba watoto! Umeunyoa mti wa watu?"

"Nilikuwa nasawazisha."

"Umesawazisha mpaka fuvuni!"

Fundi pikipiki, ambaye povu lilishamkaukia, akajitolea kuleta gundi. Mke akasema nywele bandia za kijani anazo, asipate tabu. Watu wakacheka, kinyozi hakucheka. Mti aliuweka penye mwanga, akaunywesha pale tu udongo ulipokauka, kama alivyoelekezwa, na ng'ambo hakutazama kabisa. Wateja walinyolewa vizuri ajabu.

Mkunga akapiga simu. "Mgonjwa wangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Joto limezidi huku, kapunguza nguo."

Kisha asubuhi moja mkewe akapiga ukelele kando ya mti. "Njoo uone! Anaota ndevu!"

Kila kifundo kilikuwa na ncha ya kijani. Majani yakaja, madogo kama kucha za mtoto mchanga, mti mzima ukapendeza kuliko zamani.

Mkunga aliporudi, ghafla mtaa mzima ulikuwa na nywele za kukata. Duka likajaa hadi mlangoni. Mama hakutua hata mkoba; akavaa miwani, akauzunguka mti.

"Nani kakufundisha hivi?"

Fundi pikipiki alimkonyeza kinyozi: chukua sifa, mzee! Kinyozi akamgeukia mama.

"Hakuna, mama. Niliunyoa kwa ujinga. Nilikuwa nasawazisha, nikapitiliza. Kama barabara nisivuke tena, haki yako."

Mama akaangua kicheko hadi akaishia kwenye kiti cha kunyolea.

"Mwanangu, wajuzi huuvua mkuyu wenye afya majani yote makusudi, yarudi madogo kama haya! Mimi kila mwaka nashika makasi, moyo unanikatalia. Nimezalisha mtaa huu mzima, lakini huo mti sikuthubutu kuunyoa. Haya, twende ukachague."

Duka zima likavuka nyuma yao. Kinyozi aliipita miti yote iliyonyooka, akasimama kwenye mkwaju uliolala ubavu, kama mtu anayechungulia dirisha la jirani apate habari.

"Huyu ni wa kwetu," mkewe akasema.

Wakaurudisha dukani, wakauweka kando ya kioo, wakautazama. Fundi pikipiki akainamisha kichwa, akakunja jicho moja.

"Lakini mzee, huu upande wa kulia..."

"Nyamaza!" duka zima likapiga kelele.

Kinyozi akapapasa meza. Makasi hayakuwepo, mkewe alishayatia mfukoni.