Kikohozi cha Mashine

Mashine ya kukaushia nafaka ilikohoa, ikafuka moshi, ikazima, na hakuna aliyecheka. Hapo ndipo Moshi, kama mafundi wenzake walivyombatiza, alipojua kwamba mambo yameharibika.

Kule kwenye uchochoro wa mafundi, kicheko kingetangulia moshi. Milango haikufungwa, na kila mpita njia alikuwa na haki ya kuipiga mashine yako teke na kukutajia ugonjwa wake. Myeyusha vyuma alimkosoa mkata mabati, mkata mabati akamkosoa muuza mafeni, na katika kelele hizo mashine ikaota meno kama mtoto, pasijulikane jino lipi limetokana na maziwa ya nani.

Kisha wafadhili wakamwona. Wakampa chumba cha vioo nje ya mji, kiyoyozi na sharti moja: siri. Moshi akakubali mbio mbio. Nani asiyechoka kupigiwa mwanawe mateke? Sasa wangekuja kesho kuiona ikikausha, la sivyo mradi ungefungwa.

Alichomoa mhimili wa feni, akautia begani, akarudi uchochoroni. Alikuta makufuli. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi, wa mjane wa kaka yake, naye mwenyewe fundi wa kukereza vyuma. Na mbele yake wachukuzi walikuwa wakiikokota mashine ya kukerezea kuelekea kwenye lori.

“Shemeji Moshi! Nilidhani umeshageuka kioo, tunakutazama tunaona ng'ambo.”

“Wenzetu wako wapi?”

“Kazi yako ndiyo iliyomlisha myeyusha vyuma, naye akamletea mkata mabati wateja. Ulipojifungia, tukabaki kutazamana kama wakwe.”

“Nilikatazwa kusema, shemeji.”

“Na kusalimia je?”

Moshi aliushusha mhimili begani. Mjane aliupokea mhimili, akaupitishia kidole gumba taratibu, kama anayempapasa mgonjwa.

“Umepinda hapa. Hata kipofu angekuambia, kama ungemfungulia mlango.”

“Utaninyooshea?”

“Kwa meno?” Akamrudishia mhimili, akaielekezea kidevu mashine yake. “Nimeshaiuza. Jana tu ungenikuta nayo.”

Dereva alipiga honi. Mchukuzi mmoja, jasho likimtiririka, alimgeukia Moshi. “Mzee, kama umesimama bure, shika huku!”

Moshi aliulaza mhimili vumbini, akainama, akashika. Kumbe ndio upande mzito.

“Polepole, shemeji,” mjane alisema, mzaha umemtoka. “Usiikwaruze.”

Wakainua.