Pole ya Kizungu

Kheri aliangukia makumbi, ndiyo maana watu walicheka. Alikuwa juu ya mnazi huko Kirongwe akiwaangulia wageni madafu. Akawapungia mkono kwa bashasha zake, mguu ukateleza, akashuka mzima mzima hadi kwenye lundo la makumbi ya nazi. Akachomoza kichwa, akatabasamu. Video iliyorushwa mtandaoni inakatikia hapo. Haioneshi kwamba siku ya pili yake alifia hospitali, damu imemvujia tumboni, na miaka yake ishirini na minne.

Dada yake, Sabra, yuko mapokezi kwenye hoteli moja ya wageni Utende, na Kiingereza anakijua. Wiki moja baada ya mazishi, mama yao, Bi Mwanaharusi, alimwekea simu mapajani. Jirani alikuwa amemtumia ile video. Watazamaji laki nne, na chini yake maneno ya Kizungu yasiyo na mwisho.

"Nisomee, mwanangu. Watu wote hawa wamemlilia Kheri wangu?"

Sabra akatazama. Hoot. Riot. LOL. Hilarious, hilarious, hilarious. Yote maneno ya kicheko, ya mtu aliyecheka hadi mbavu zikamuuma. Wewe ungesema nini, mbele ya mama ambaye tangu mazishi hajamaliza hata kikombe cha uji?

"Wanasema pole, mama. Huyu anasema Mungu amlaze pema. Huyu anakuombea subira."

Bi Mwanaharusi alilia sana, kisha akaomba chakula. Herufi alikuwa akizijua, alizisoma ngumbaru, darasa la watu wazima. Kidole chake kikafuata lile neno refu lililojirudia.

"Na hili?"

"Hilarious. Hilo ndilo neno lao la pole."

"Hilariasi," mama akasema. Akalirudia mpaka likamkaa.

Miezi miwili baadaye mzee mmoja wa Kizungu alifariki ghafla pale hotelini, akamwacha mkewe peke yake akisubiri ndege. Sabra, kwa ulimi wake mwenyewe, akamsimulia mama kwenye simu.

"Basi nakuja kumhani," mama akasema.

"Mama, wazungu hawana desturi hiyo."

"Sisi tunayo. Wenzake walinihani kwa maelfu, nami nikae tu na siku yao imefika? Sina haya?"

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii ilianzia Kirongwe, ikapita Kilindoni, ikaishia Utende, na mama aliimaliza yote juu ya pikipiki, kajifunga kanga zake za msibani. Sabra akamkimbilia getini.

"Shikamoo, mama. Tafadhali usiseme kitu. Mshike mkono tu, inatosha."

"Marahaba. Nisiseme vipi? Nimelikariri njia nzima."

Sabra alifungua kinywa amwambie. Lakini uso wa mama ulikuwa umechangamka kidogo, uso wa mtu mwenye shughuli, na tangu Kheri azikwe hakuwahi kuuona hivyo. Akafunga kinywa. Tusimpambe: aliogopa.

Mjane alikuwa amekaa barazani, kofia ya mumewe mapajani. Bi Mwanaharusi akaketi chini mbele yake, akaishika mikono yake yote miwili, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli ya mtu anayeujua msiba.

"Hilariasi, mwenzangu," akasema. "Hilariasi. Hilariasi sana."

Yule mwanamke alimtazama kama hakusikia. Kisha akaichopoa mikono yake. Akamgeukia Sabra aliyesimama pale na sare ya hoteli, akimngoja amweleze jambo hili. Mjane akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo. Kofia ilibaki sakafuni.

Bi Mwanaharusi akaiokota, akaipangusa mchanga kwa ncha ya kanga.

"Sabra," akauliza taratibu, "nimelitamka vibaya?"

"Hapana, mama. Umelitamka vizuri."